Mgongo wa Empedoni

Kafisia alipigana katika vita vikubwa kuliko vyote ambavyo sisi watu wa Thebe tumewahi kupigana, akatoka mzima, na alichokiona tangu mwanzo hadi mwisho ni kisogo cha mtu mmoja. Wengine walirudi kutoka Leuktra wamemwona mfalme wa Sparta akianguka. Wengine walimwangusha wao wenyewe. Kwa hesabu yangu mfalme yule aliangushwa na watu mia nne, na kila mwaka wanaongezeka. Kafisia aliona kisogo, na kwenye kisogo hicho palikuwa na chunjua chenye nywele tatu.

Alizaliwa ukingoni mwa Ziwa Kopai, mahali ambapo mtu hujifunza kutembea kwenye tope kabla ya kutembea kwenye nchi kavu. Baba yake alitega mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, babu yake alitega mikunga, na yeye akatega, akawakausha kwa moshi na kuwauza sokoni Thebe, karibu na birika kubwa la maji lililojengwa kwa mawe. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye mabega mapana, na mwoga bila kificho. Mtu akimwambia, "Kafisia, we mwoga," alijibu, "Ndiyo, na bado nipo." Waathene wanatuita watu wote wa Boiotia nguruwe kwa sababu tunapenda kula. Halafu wakija sokoni wakamwona mkunga wa Kopai mate yanawatoka, na matusi wanayasahau.

Kazi ya ziwani ina jambo moja ambalo ni lazima nilieleze. Kiangazi maji hupungua na mtumbwi hukwama kwenye tope. Ukikwama huna wa kumwita. Unashuka, unalaza shavu kwenye ubao wa nyuma, unashusha bega la kushoto, unasukuma kidogo, unasukuma kidogo tena, halafu mara ya tatu unaachia mwili wote na pumzi yote, na sauti inakutoka yenyewe, "hiiiya," kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kidogo, kidogo, yote. Kafisia alisukuma hivyo tangu ana miaka saba, na mwishowe akawa hajui kusukuma kwa namna nyingine. Alisukuma hivyo mlango uliogoma na punda aliyegoma. Mara moja alimsukuma hivyo mama mkwe wake aliyekwama kwenye mlango wa ghala la zeituni, jambo ambalo halikuzungumzwa tena nyumbani.

Mkewe aliitwa Damatria, mwanamke wa maneno machache yaliyonyooka. Damatria alikuwa na kaka mdogo, Samikho, ambaye maneno yake yalikuwa mengi na yamepinda. Samikho alikuwa mrefu, mzuri wa sura, na alikuwa na ngao iliyochorwa rungu la Herakle katikati, rangi nyekundu, inaonekana kutoka ng'ambo ya uwanja. Alikuwa pia mlaji. Nasema hivi mimi niliye mtu wa Boiotia, kwa hiyo mjue ulikuwa ulaji wa kupita kiasi.

Mwaka ule Wasparta walipokuja kutufundisha adabu, jeshi letu liliwangojea uwanda wa Leuktra, mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini. Samikho alikwenda kama askari. Kafisia alikwenda na punda mmoja na vikapu viwili vya mikunga, kwa sababu askari hula, na wenye hofu hula zaidi. Alikuwa amekwisha kuuza kikapu kizima pale kambini wakati Afande Thiogeitoni, kiongozi wa kikosi cha Samikho, alipomjia akiwa na meza kichwani.

"Kafisia, nipe mikunga wote waliobaki."

"Wote, afande? Una wageni?"

"Nina vichwa maji. Jemadari ametoa mpango na hawa watu wangu hawauelewi. Nimechora mchangani, wameukanyaga. Nimewaeleza kwa vijiti, wamewashia moto. Lete mikunga."

Afande akaiweka meza chini na askari wakaizunguka. Upande mmoja akalaza mikunga kumi na wawili sambamba. Hao ni Wasparta, akasema, na huyu mnene wa mwisho kulia kwao ni mfalme wao. Upande wa pili akaanza kuwapanga wa kwetu, na hapo watu wakaanza kukuna vichwa. Kushoto alilundika mkunga juu ya mkunga mpaka lundo likamfika kidevuni. Kulia akaweka watatu tu, wembamba, tena akawavuta nyuma kidogo.

"Afande, umekosea," alisema mmoja. "Watu wazuri huwekwa kulia."

"Ndivyo wanavyofanya wote duniani. Kulia wanaume, kushoto shemeji zao. Jemadari amesema safari hii tunageuza. Tunalundika kushoto, watu hamsini kwenda nyuma, na lundo zima linakwenda moja kwa moja usoni kwa mfalme wao. Hawa wembamba wa kulia wanajivuta nyuma taratibu, wasiguswe. Kichwa kikishapasuka, mwili utafanya nini?"

Kafisia hakuwa askari, lakini mikunga walikuwa wake, akaona ana haki ya kuuliza. "Huyo wa hamsini, kule nyuma kabisa, mkuki wake haufiki popote. Anafanya kazi gani?"

"Anasukuma."

"Anamsukuma nani?"

"Wa arobaini na tisa."

Kafisia alirudi kwa punda wake akiwa na hakika kwamba jemadari ameugua. Nyuma yake alimsikia afande akisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Samikho, umemla mfalme."

"Alikuwa karibu yangu, afande."

"Na upande wote wa kulia uko wapi?"

"Ulikuwa unajivuta nyuma, nikajua hautumiki."

Adhuhuri ilipokaribia, mpiga mbiu akapita kambini akitangaza kwamba asiyetaka kupigana na aondoke sasa, hatalaumiwa. Mbiu hiyo ilikuwa bado haijafika mwisho na Kafisia alikuwa amekwisha kuwarudisha kikapuni mikunga waliosalia mezani na kukaza kamba za vikapu. Wakaondoka watu wa soko, wapagazi, wauza vitunguu, na baadhi ya watu wa miji mingine ambao moyo haukuwemo. Walitembea kwa furaha kabisa. Kafisia alikuwa akiwaza supu.

Hapo Wasparta walifanya kosa ambalo nadhani wanalijutia hadi leo. Askari wao wa kukodiwa, wenye mikuki mifupi, waliona kundi la watu linatoka kambini kwetu wakadhani ni jeshi linatoroka, wakalishambulia. Wakawarudisha mbio watu waliokuwa wakijiendea zao kwa amani, wakawasukumiza mpaka mgongoni mwa jeshi letu, wakatuongezea watu. Aliyekataa kurudi ni punda wa Kafisia. Huyo alipoona mikuki mbele alitia masikio nyuma, akapita katikati ya wale askari na vikapu vyake, akashika njia ya Thebe.

Kafisia alikimbia huku amefumba macho, mpaka akagonga kitu. Alipofumbua, alikuwa amemgonga Afande Thiogeitoni, na nyuma ya afande lilisimama lile lundo la kushoto, sasa likiwa la watu, safu baada ya safu, vumbi limetanda juu yake. Chini ya mkokoteni, hatua chache kutoka hapo, alilala Samikho amejikunja na kushika tumbo.

"Shemeji, nakufa," alisema Samikho.

"Unakufa na nini, vita havijaanza?"

"Mikunga."

"Wale ni wazima, nimewakausha kwa mkono wangu."

"Wazima sana. Ila ni wengi."

Afande aliiokota ngao yenye rungu jekundu, akaupitisha mkono wa Kafisia kwenye kishikio chake, akamgeuza kwa kumshika mabega. "Safu ya mwisho. Simama nyuma ya yule mpana."

"Afande, mimi niliruhusiwa kuondoka. Watu wote wamesikia."

"Na ukaondoka. Sasa umerudi."

Ndivyo Kafisia alivyoingia vitani. Mbele yake palikuwa na mgongo mpana ajabu, na juu ya mgongo kisogo, na kwenye kisogo chunjua na zile nywele zake tatu. Zumari zikalia. Lundo likaanza kwenda. Kutoka mbali sana mbele ikasikika kelele ya vyuma, kama mtu ameangusha vyungu vyote vya jikoni na kuendelea kuviangusha, na kila mtu akaanza kumsukuma aliye mbele yake kwa ngao.

"Kuna nini huko mbele?" Kafisia alikiuliza kisogo.

"Kuna kisogo kingine," kilijibu kisogo. "Sukuma."

Alisukuma. Nataka mjue kwamba hakusukuma kwa ushujaa. Alisukuma kwa sababu nyuma yake hapakuwa na mtu, na mtu asiye na mtu nyuma yake vitani huusikia mgongo wake wote ukiwa uchi. Kusimama kulimtisha kuliko kwenda. Kisha lundo likakwama. Mbele Wasparta walikuwa wamejikaza, na watu hamsini wakawa wanasukuma ukuta, jasho linawatiririka, hakuna anayekwenda wala kurudi. Ikaja sauti kutoka mbele, ikipokezwa kutoka safu hadi safu mpaka ikamfikia Kafisia, ambaye hakuwa na wa kumpokeza. Hatua moja zaidi, ilisema. Hatua moja tu.

Kwa Kafisia kitu kilichokwama kilikuwa na dawa moja. Alilaza shavu ndani ya ngao, akashusha bega la kushoto. Kidogo. Kidogo. Yote. Hiiiya.

Mgongo mpana ukaenda. Ukamsukuma aliyekuwa mbele, naye wa mbele yake, na mahali fulani kule kusikoonekana kitu kikaachia. Sisemi kwamba ni yeye aliyeshinda vita. Wapo watu arobaini na tisa wenye haki ya kukasirika nikisema hivyo. Nasema tu kwamba hatua iliombwa, na hatua ikapatikana.

"Nani huyo nyuma?" kiliuliza kisogo bila kugeuka, maana askari hageuki.

Kafisia hakuwa na pumzi ya kujibu. Na kabla hajaipata, lundo zima lilikuwa likikimbia kwenda mbele, yeye alikuwa ameanguka kifudifudi, na mwenye kisogo ametoweka katika vumbi. Alipoinuka, vita vilikuwa vimekwisha na watu walikuwa wakiimba. Akaenda mkokotenini, akamrudishia Samikho ngao yake, akamwuliza tumbo linaendeleaje, kisha akaanza kutafuta punda.

Punda alikuwa Thebe tangu mchana. Aliingia kwa lango kubwa, mikunga wako salama mgongoni, akapita barabara kuu nzima mbele ya wanawake na wazee waliokuwa wakingoja habari za vita, akajifungulia mlango wa zizi kwa kichwa. Kila mtu alimwona. Kwa hiyo Kafisia alipofika kwa miguu jioni, hana jeraha, hana ngao, hana hata kofia ya Msparta, watu walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba mwenye punda alikimbia pamoja na punda, akajificha kwenye mizabibu mpaka hatari ipite. Tena kulikuwa na watu mia waliomwona akiondoka kambini anaimba.

Kwetu aliyekimbia vita hafungwi wala hapigwi. Huketishwa sokoni katikati, akafunikwa kikapu kutoka kichwani hadi kiunoni, kutwa nzima, watu wakipita na kusema wanayotaka. Jua likizama kikapu huondolewa, lakini jina hubaki. Aliyefunikwa hana tena sauti barazani wala mahali sokoni, na watoto wake huitwa watoto wa kikapu mpaka nao wazeeke. Baraza likapanga siku ya kumsikiliza Kafisia, na mtu mmoja mwenye mzaha akaenda kuazima kikapu kutoka kibanda cha Kafisia mwenyewe, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikubwa.

Samikho naye alikuwa na kazi. Rungu jekundu lilionekana na wengi katika safu ya mwisho, na watu walimpongeza, na yeye mara ya kwanza alinyamaza tu. Mara ya pili alitikisa kichwa kidogo. Siku ya tatu alikuwa akieleza jinsi alivyosukuma.

Siku ya kesi, asubuhi, Damatria alimketisha mumewe jikoni. "Niambie ukweli. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Uliona nini?"

"Kisogo."

"Kisogo tu?"

"Kina chunjua."

"Mume wangu, mtu akitaka kudanganya hujitahidi zaidi ya hapo. Nakuamini."

"Basi wajua maana yake nini. Ni kaka yako."

"Najua ni kaka yangu, nimemlea. Ndiyo maana nikimsikia anaeleza jambo vizuri najua halikutokea." Akajifuta macho kwa upindo wa nguo, kwa sababu alimpenda mdogo wake, na kikapu kilikuwa kimoja na kichwa kimojawapo lazima kiingie.

Baraza lilikaa kwenye benchi la mawe sokoni, karibu na birika. Mkubwa wao alikuwa Mzee Thiodoto, na alikuwa na wenzake wawili. Wote watatu walikuwa wametoka kula chakula cha mchana kirefu, na nyuso zao zilikuwa nyekundu na zenye upole. Soko zima lilisimama kuwazunguka. Kafisia alieleza yote, tangu meza ya mikunga hadi ngao, na alipofika kwenye chunjua watu wakaangua kicheko.

"Hicho ni kisogo cha Empedoni mhunzi," alisema Mzee Thiodoto. "Mji mzima unakijua."

"Mimi sikijui mzee wangu. Sijawahi kununua jembe. Kule kwetu ziwani hatulimi."

"Mimi nakijua," alisema Samikho, akiwa amesimama na ngao yake, hamtazami dada yake. "Nilikitazama mchana kutwa. Nywele tatu."

"Zimetajwa sasa hivi, Samikho," alisema Damatria kutoka kwa wanawake. "Sema basi ziko upande gani."

"Kushoto."

"Kushoto," alikubali Kafisia kwa huzuni. Hakuwa mtu wa kukana ukweli, hata ukiwa umetoka kwa mwizi wake.

Afande Thiogeitoni angalikata maneno, lakini alikuwa mbali safarini na jemadari, ikabidi Empedoni aitwe. Alikuja na aproni ya ngozi, mtu mkubwa wa kupita kawaida, anachechemea mguu mmoja. Akaulizwa ni nani kati ya hawa wawili aliyesimama nyuma yake Leuktra.

"Nitajuaje?" alisema Empedoni. "Sikugeuka. Ningegeuka ningekuwa mimi ndiye mwenye kikapu." Akawatazama wote wawili, akawatazama tena. "Sura siijui. Ila mtu mwenyewe ninamtafuta tangu siku ile."

"Kumshukuru?"

"Kumgomba. Mimi nimesimama vitani mara nne, mzee. Watu wa nyuma husukuma kama wanafunga mlango, moja kwa moja, unawazoea. Huyu mwehu alinisukuma vya ajabu, goti langu likateguka, na mpaka leo nachechemea. Nikamwuliza wewe nani, akaninyamazia. Mnipe nafasi nisukumwe, nitamjua."

Wazee wakanong'onezana. Wakaona ni jambo la haki, na zaidi ya hapo wakaona ni jambo la kupendeza kutazama. Empedoni akasimamishwa mbele ya birika, kitambaa machoni. Mzee Thiodoto, akihofia udanganyifu, akasema baraza litasimama mbele ya shahidi karibu kabisa, limtazame uso asije akakonyezwa. Basi wazee watatu wakasimama bega kwa bega kati ya Empedoni na maji, mikono nyuma, na kwa kweli walifanana na Wasparta baada ya chakula cha mchana.

Kwanza alisukuma mpagazi mmoja, kwa kujaribu tu. Empedoni akatikisa kichwa. Kisha ikawa zamu ya Samikho. Alijikaza, akaiweka ngao kwenye ule mgongo, akasukuma kwa nguvu zake zote mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Empedoni hakusogea hata unyayo.

"Huyu anafunga mlango," alisema.

Kafisia alipewa ngao. Kikapu kilikuwa pale chini, tayari, na alikijua kila utepe wake kwa sababu alikisuka mwenyewe. Alimwona Damatria ameuma upindo wa nguo yake. Akalaza shavu kwenye ngao, akashusha bega la kushoto, akafumba macho, na soko likamwondoka akilini, pakabaki tope na mtumbwi.

Kidogo.

"Ngoja," alisema Empedoni.

Kidogo.

"Ngoja, ngoja, ni huyu, ni hu—"

Hiiiya.

Empedoni alimwangukia Mzee Thiodoto, Mzee Thiodoto akawaangukia wenzake, na baraza zima la haki likaingia birikani miguu juu. Maji yakawafikia hata wauza vitunguu. Empedoni ndiye aliyeibuka wa kwanza, kitambaa kimemshukia shingoni, na kwa mara ya kwanza akageuka akamtazama mtu aliyekuwa nyuma yake.

"Nani huyo nyuma?" aliuliza.

"Mimi. Kafisia. Nauza mikunga." Halafu, kwa sababu alikuwa amedaiwa jibu hilo tangu Leuktra, akaongeza, "Siku ile sikuwa na pumzi."

Empedoni akatoka majini akichechemea, na yale matusi aliyoyaandaa tangu siku ile yakampotea. Alimkumbatia tu. Watu wakapiga kelele mpaka njiwa wakahama.

Lakini soko halisahau kikapu. Wazee walipokwisha kutolewa na kukamuliwa, macho yote yakamgeukia Samikho. Alikuwa amesimama peke yake, ule urefu wake wote haumsaidii. "Tumbo liliniuma kweli," alisema polepole. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Kafisia alimtazama mkewe, akaona uso ambao asingeweza kurudi nao nyumbani. Akakohoa. "Mzee wangu, sheria inasema nani anafunikwa?"

"Aliyeiacha ngao yake ikakimbia safu," alisema Mzee Thiodoto huku akikamua ndevu.

"Hii ngao haikukimbia safu. Ilikuwa safu ya hamsini mwanzo hadi mwisho, watu wote wameiona. Shemeji yangu aliitoa, mimi nikaibeba. Ngao iliyosimama haiwezi kuwa na mtoro."

Wazee walifikiri. Walikuwa wamelowa, wanasikia baridi, na walitamani kwenda nyumbani. Wakakubali. Ila Mzee Thiodoto akasema kikapu kimeletwa, watu wameacha kazi zao, na mji hauwezi kuondoka hivi hivi bila mtoro, itakuwa mfano mbaya.

"Yupo mmoja," alisema yule mwenye mzaha aliyeazima kikapu. "Tumemwona wote akiingia langoni."

Damatria alimtetea punda kwa nguvu. Alisema punda hakukimbia, alivunja mstari wa adui peke yake kabla hata ya jemadari, na mikunga akawafikisha salama. Ilibishaniwa sana, na mpaka leo wapo wanaoshikilia hivyo. Lakini kura zilimwelemea. Punda akaletwa, akafunikwa kikapu mbele ya watu wote, na kabla jua halijazama alikuwa amekila chote, wakabaki hawana ushahidi.

Kafisia aliishi miaka mingi baada ya hapo, akiuza mikunga karibu na birika lile lile. Wageni walikuja kumwuliza habari za Leuktra, naye aliwaeleza kisogo, na wengi waliondoka wakiona wamepotezewa muda. Samikho ndiye aliyekuwa akiwafuata nyuma na kuwaeleza iliyobaki, ukweli mtupu, tumbo na yote, na huwezi kuamini jinsi alivyoieleza vibaya. Empedoni alikula mkunga bure kila wiki kwa ajili ya goti lake, ambalo halikupona kamwe.

Kafisia alipofariki, Damatria alikwenda kwa mchonga mawe. Kwetu mtu aliyepigana huchongwa kwenye jiwe jeusi la kaburi lake, uso mbele, mkuki juu. Mchongaji akauliza marehemu alikuwa na sura gani. Damatria akamwambia sura aiache. Akamfanya achonge mtu mnene kwa nyuma, ameinama, shavu ndani ya ngao, bega la kushoto chini.

Jiwe lipo njiani nje ya lango. Siku za sikukuu, Empedoni, ambaye sasa ni mzee wa fimbo, huenda mpaka pale akichechemea, hugeuka, na kuuegemeza mgongo wake mpana kwenye lile jiwe ili apumzishe goti. Nimemwona mwenyewe. Hukaa hivyo akitazama mbele, barabarani, bila kugeuka.

"Nani huyo nyuma?" huuliza.

Hungoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuvuta pumzi. Kisha hujijibu mwenyewe, "Kafisia," huchukua fimbo yake, na kurudi mjini.